Gitaa la Ciril Linapumzika

Jumanne, 8 Oktoba 2019

Nimelikanyaga gitaa la marehemu Ciril kwa gari.

Naandika polepole ili na mimi nielewe. Gurudumu la nyuma, la kulia. Saa tisa alasiri, mbele ya gereji yangu mwenyewe.

Ilikuwa hivi. Asubuhi nilikwenda kwa shemeji Jerneja, mjane wake, kumwomba gitaa. Nikamwambia chombo kisichopigwa huharibika, mbao hukauka, nyuzi huota kutu. Nikasema nitalitia nyuzi mpya na kulizoea kabla ya hafla ya kumkumbuka Ciril, Jumamosi ya tarehe tisa Novemba, ukumbi wa zimamoto. Yote kweli. Nisichomwambia ni kwamba kwa miaka thelathini na moja katika bendi yetu nimepuliza baragumu kubwa la shaba, nyuma kabisa, karibu na mlango wa choo. Ciril alikaa mbele na gitaa lake. Tangu tumzike mwezi wa Aprili nimekuwa nikijiona mimi pale mbele. Kupiga najua. Nafasi tu ndiyo sikuwahi kuipata.

Alilitoa chumbani mwenyewe, akalipangusa kwa kiganja. Akaniambia, "Metod, hili ndilo nililobaki nalo." Nikamwambia asiwe na wasiwasi.

Ni gitaa la umeme, lakini lina tumbo pana lililo wazi ndani, kama fidla kubwa, na matundu mawili mbele yaliyochongwa kama herufi f. Rangi ya asali katikati, nyeusi kuelekea kingo. Nilipofika nyumbani nikalitoa kwenye sanduku lake. Nilitaka majirani wanione nikivuka ua nalo. Hakuna jirani aliyepita. Nikaliegemeza kwenye mlango wa gereji, nikarudi garini, nikawa narudi kinyumenyume huku nabonyeza kidude cha kufungulia mlango. Mlango ukapanda. Gitaa likateleza.

Sauti ilikuwa ya mtu anayekalia kikapu.

Ubavu wa chini umebonyea ndani na una tundu la ukubwa wa kiganja. Mbele kuna ufa, kutoka tundu la f mpaka ukingoni. Shingo ni nzima. Namshukuru Mungu kwa shingo.

Nilipiga magoti pale chini. Sijui kwa muda gani. Kisha nikalifunika kwa koti langu, nikatazama huku na huku, sikuona mtu, nikalibeba mpaka chumba cha boila. Mke wangu Slavka alikutana nami kwenye ngazi. Akauliza nani amekufa.


Jumatano, 9 Oktoba

Slavka ana mashauri mawili. La kwanza, nivae viatu, nivuke daraja, nikamwambie Jerneja leo hii. La pili, nikishindwa la kwanza, nimpelekee gitaa Bogomir.

Bogomir Kosmač anapiga akodiani katika bendi yetu. Pia alikuwa fundi seremala wa makabati miaka arobaini. Angelitengeneza kwa siku mbili. Hilo ndilo tatizo. Mwaka 2003 tulipotoa kanda yetu ya pekee, Bogomir ndiye aliyepanga watu kwa ajili ya picha ya jalada. Alinipanga mwisho kabisa. Mchapishaji akakata. Kwenye jalada kiwiko changu kipo. Mimi sipo.

Sitampelekea Bogomir kitu.

Wala sina haja naye. Nilipulizia rangi majiko kiwandani kwa miaka ishirini na miwili. Mtu aliyepaka majiko yote ya bonde hili hawezi kushindwa na gitaa moja. Mwezi mzima ninao. Nitalirudisha zima, yeye hatajua, na sitakuwa nimemuumiza mtu aliyekwisha kuumia. Huu si uongo. Ni huruma yenye mpangilio.

Nimempigia Jerneja simu. Nikamweleza kwamba gitaa lilizoea chumba chake cha baridi, na sasa linapaswa kupumzika kwenye joto kwa majuma kadhaa kabla ya kuguswa. Kisha akasema haya, lipumzike.


Ijumaa, 11 Oktoba

Nimeondoa nyuzi, vinasa sauti vilivyo chini yake na vitufe. Nyaya zote nimezivuta nje kupitia tundu la f, kama mtu anayemtoa samaki matumbo. Robo saa tu. Sielewi kwa nini mafundi hujifanya kazi hii ni ngumu.

Gitaa limefichwa nyuma ya mitungi ya kabichi chachu. Slavka anasema litanuka. Nimemwambia mbao hazinuki. Anasema boila yetu sasa ina siri nyingi kuliko padri wetu.


Jumatatu, 14 Oktoba

Siku kubwa. Shida ilikuwa hii: ubavu umebonyea kuelekea ndani, na mkono haupiti kwenye tundu la f ili kuusukuma utoke. Nilikaa mbele yake asubuhi nzima. Wazo likanijia wakati Slavka anapima presha jikoni. Ule mfuko wa kuzungushia mkononi! Unaingia ukiwa bapa, unajaa upepo, unasukuma pole pole pande zote.

Nilingoja aende dukani.

Nikaulainisha ubavu kwa mvuke wa birika na kitambaa kibichi chini ya pasi. Nikatia gundi kwenye nyufa zote. Nikaukunja mfuko, nikaupenyeza ndani, nikauelekeza mahali pake kwa kijiti, nikaanza kupampu. Mbao zilitoa mlio kama mzee anayeinuka kitini. Kisha, milimita kwa milimita, vipande vikarudi vilikotoka. Kingo zikakutana. Nilikuwa peke yangu mle ndani na nilikaribia kulia. Ciril angeipenda akili hii. Alikuwa mtu wa kucheka kazini.

Nimeuacha mfuko umejaa mpaka kesho, gundi ikauke.


Jumanne, 15 Oktoba

Gundi imekauka. Mfuko nao umo. Umegandamana na ubavu kwa ndani na hautoki, hata kwa kuvuta, hata kwa maneno mazuri. Nimeukata kwa kisu cha uyoga nilichofunga kwenye waya. Vipande kumi na vitatu vimetoka. Kilichobaki, kitambaa cha buluu cha ukubwa wa stempu mbili, kitaishi humo daima. Ni uimarishaji.

Slavka alitafuta kipimo chake tangu asubuhi. Nikamwambia nimekipeleka kikarekebishwe mjini Loka. Akasema vizuri, nimefikiria afya yake. Halafu akashuka kuchukua kabichi akakuta mpira wa kupampu umekaa juu ya mtungi.

Hatujazungumza tangu chakula cha mchana. Ameazima kipimo cha jirani.


Jumapili, 20 Oktoba

Tundu nimeliziba kwa kipande cha mbao nyembamba kutoka kwenye droo ya kabati la zamani. Limekaa vizuri. Ukipitisha kidole hakuna unachohisi. Lakini jicho! Kiraka ni cheupe kama jino la bandia. Nimechanganya rangi mara sita. Mara ya kwanza kilifanana na mkate, mara ya mwisho na ini. Asali ya Ciril imezeeka miaka thelathini na nne kwenye moshi wa harusi, na huwezi kuichanganya kwenye kopo.

Wakati Slavka yuko kanisani nimefanya uamuzi wa kiume. Kama kiraka hakiwezi kufanana na gitaa, gitaa lifanane na kiraka. Nimelipiga msasa lote.

Kazi safi. Vanishi ya zamani ilitoka kama unga wa manjano. Zilitoka alama za sigara karibu na vitufe. Zikatoka mikwaruzo ya vifungo vya fulana yake ya bendi. Juu, ukingoni, rangi ilikuwa imekwisha kabisa, mahali alipokuwa akilaza mkono wa kulia. Mbao zilikuwa zimeingia jasho na kuwa nyeusi. Hapo ndipo palinisumbua zaidi. Nilipiga msasa mnene, halafu mwembamba, halafu mwembamba zaidi, mpaka doa likaisha. Sasa mbao ni nyeupe na changa pande zote. Uchafu wa miaka thelathini na nne umeondoka kabla ya Misa kuisha.

Najivunia mikono yangu.


Alhamisi, 24 Oktoba

Slavka amekataza kupulizia vanishi karibu na boila. Anasema akifa kwa presha ni sawa, lakini kwa mlipuko hapana. Nimehamia banda la kuni. Nililitundika gitaa kwa waya kwenye boriti, nikavaa kinyago changu cha kiwandani, nikapuliza. Asali katikati, kahawia, kisha nyeusi kingoni. Mkono haujasahau. Lilikuwa zuri kwa dakika nane.

Kisha ukungu ukapanda kutoka mto Sora. Mbele ya macho yangu vanishi ikaanza kuwa nyeupe. Kwanza mbavuni, kisha tumboni, mpaka gitaa zima likawa kama limetumbukizwa kwenye maziwa. Kiwandani tulikuwa na mashine za kukausha hewa. Kwenye banda la kuni kuna Oktoba.

Nimeikwangua yote. Wakati nakwangua, Bogomir alipita nje ya ua na mbwa wake, akasimama, akanusa. Akauliza kama napaka rangi. Nikamwambia napaka kiti. Akasema kiti chenyewe kina bahati. Sikupenda alivyosema.


Jumanne, 29 Oktoba

Jua siku tatu mfululizo. Nimepulizia tena, tabaka tisa, nikalisugua kwa tambara na nta. Limekwisha.

Sijawahi kuona kitu kinachong'aa namna hii. Niliona uso wangu kwenye tumbo lake, na nyuma ya uso wangu niliona kuni zote zilivyopangwa. Kiraka hakipo. Ufa haupo. Hakuna mtu duniani angejua.

Nilimwita Slavka aje aone. Alilizunguka akiwa amefunga mikono kifuani. Akasema ni zuri. Akasema linamkumbusha kitu ila hakumbuki nini. Alipofika mlangoni akakumbuka: jeneza la mjomba wake.


Ijumaa, 1 Novemba

Sikukuu ya Watakatifu Wote. Bonde zima makaburini mchana, mishumaa katika bilauri nyekundu, maua ya vuli kila kaburi. Tulisimama kwa wazazi wangu, kisha kwa wazazi wa Slavka, kisha sikuwa na pengine pa kwenda ila kwa Ciril.

Jerneja alikuwa peke yake. Slavka akambusu, halafu akakumbuka ghafla jambo kwenye safu nyingine ya makaburi. Tukabaki wawili. Aliniuliza gitaa linaendeleaje. Nikamwambia linapumzika vizuri, limepata rangi usoni. Alitazama mishumaa. Kisha akasema maneno haya, nayaandika kama alivyoyasema.

"Unajua ninachokikosa, Metod? Si kulisikia. Ni pale juu ukingoni, alipokuwa analaza mkono. Rangi ilikwisha, mbao zikawa laini kama sabuni. Kila nikimaliza kuosha vyombo nilikuwa nakaa nalo, naweka mkono wangu pale. Basi. Nakaa tu."

Nikasema ndiyo. Nikainama kuwasha mshumaa uliokuwa tayari unawaka, nikauzima.

Njia nzima ya kurudi sikusikia Slavka alichokuwa anasema. Ni mimi niliyekuwa najivunia. Nilipiga msasa mnene, halafu mwembamba.

Nilikuwa na nafasi ya kumwambia palepale. Nilifungua kinywa. Lakini alikuwa amevaa koti jeusi, na watu walikuwa wengi.


Jumapili, 3 Novemba

Nimeamka na mpango mpya, na ninaona aibu kwa jinsi ulivyo rahisi. Kilichofutwa kwa msasa kinaweza kurudishwa kwa msasa. Nitakwangua vanishi mpya mahali pale pale, nizitie mbao kahawa na maji ya maganda ya kokwa za jozi, nisugue kwa mgongo wa kijiko mpaka ziwe laini kama sabuni. Nahitaji kujua tu mahali kamili na umbo.

Mwenye picha zote za bendi ni Bogomir. Nimemeza mate machungu nikaenda. Nilimwambia natafuta picha za kutundika ukumbini siku ya hafla. Akanitolea sanduku zima, akaniwekea na kahawa. Nilipitia miaka thelathini. Ciril kwenye harusi, Ciril kwenye ubatizo, Ciril juu ya trela la trekta, Ciril na meya. Gitaa liko katika kila picha.

Na katika kila picha mkono wake uko juu ya mahali pale.

Bila shaka uko. Ndivyo mahali pale palivyotokea. Picha mia mbili na kitu, na hakuna hata moja ambamo ameuinua mkono. Kuna moja amelala kwenye benchi baada ya harusi, mkono unaning'inia, nikaisogeza kwenye mwanga. Gitaa limelala kifudifudi.

Bogomir aliniuliza natafuta picha ipi hasa. Nikasema yoyote ambayo mimi nipo. Akacheka, kisha akaacha kucheka, akasema ile ya jalada lilikuwa kosa lake, na kwamba alitaka kuniambia tangu mwaka 2003. Nikamwambia kahawa ni nzuri.


Jumatano, 6 Novemba

Nimeliketisha gitaa pajani, nikalaza mkono wangu, Slavka akazungushia penseli. Nikakwangua ndani ya mstari. Kahawa, jozi, kijiko. Kisha mkono wa shati, huku na huku, saa nne nzima. Linaonekana kama miaka. Mkono wangu unauma kama miaka.

Mchana nikaanza kurudisha nyaya. Hapo ndipo nilipoelewa kwa nini mafundi wa kweli hufunga uzi kwenye kila kitufe kabla ya kukitoa: ili wakivute tena mahali pake kutoka ndani. Mimi sikufunga. Nilivua vitufe kupitia tundu la f kwa waya, kama mtu anayetafuta pete kwenye bomba la sinki. Cha tatu kilipoangukia ndani kwa mara ya saba nililia. Nasema wazi kwa kuwa hakuna atakayesoma.

Nilipoinua kichwa, Bogomir alikuwa mlangoni mwa banda la kuni na mbwa wake. Alitazama gitaa. Alitazama gurudumu la gari langu, ambalo lilikuwa linaonekana kutoka pale, na sijui alijuaje. Alivua kofia.

"Bwana, hii ni rangi ya jiko," akasema.

"Ya jiko zuri," nikamjibu.

Akakaa juu ya gogo. Aligonga tumbo la gitaa kwa kidole, akasikiliza, akagonga tena. Akasema ubao wa ndani unaobeba sehemu ya mbele umeachia, na nikikaza nyuzi hivi hivi litapasuka jukwaani. Akaenda kwake, akarudi na gundi ya moto na vibanio vyake virefu vya shingo nyembamba. Alifunga na uzi kwenye vitufe. Kufikia saa kumi na moja kila kitu kilikuwa mahali pake.

Mimi nilimshikia taa. Kwa hiyo tulifanya pamoja.

Alipokuwa anaondoka akasema nimwambie Jerneja kabla ya Jumamosi. Nikasema sitaki kumuumiza. Akasema, "Jerneja si mtoto, Metod. Wewe unajihurumia mwenyewe, basi." Akamwita mbwa wake.

Nimelitafakari hilo. Amekosea, lakini alisema kwa nia njema.


Jumamosi, 9 Novemba

Hafla ilianza saa tisa. Meza ndefu, bata bukini wa siku ya Mtakatifu Martin, kabichi nyekundu, divai mpya. Jerneja alikuja saa nane, kabla ya watu. Aliniomba gitaa. Nikampeleka nyuma ya jukwaa, akaketi kwenye kiti changu, karibu na mlango wa choo.

Alilitazama kwa muda mrefu. Lilikuwa linang'aa mno mle gizani. Akaliweka pajani, akafumba macho, akalaza mkono juu ya ukingo.

Nilihesabu pumzi zangu. Akafumbua macho.

"Mkono wa nani huu?"

Nikasema wa Ciril.

"Ciril alikuwa na mikono mirefu," akasema. "Huyu ni mfupi. Huyu ni wewe."

Nikaanza kueleza. Joto la chumba, kupumzika kwa mbao, vanishi za siku hizi. Nilisikia maneno yangu yakitoka yamenyooka na kupangika kama majiko kwenye mkanda wa kiwandani. Aliinua kiganja, nikakoma.

"Shemeji, nyumba yangu iko ng'ambo ya mto. Siku ile nilikuwa naanika shuka. Nilikuona ukipiga magoti. Nikaona ukivua koti ukalifunika, kama mtu anamfunika mtu. Nikajisemea, atakuja kuniambia. Nimekungoja mwezi mzima." Sauti yake haikupanda hata kidogo. "Mwaka huu kila mtu amenidanganya kwa huruma. Madaktari walisema Pasaka atakuwa nyumbani. Dada zake walisema anaonekana nafuu. Mpaka yeye mwenyewe alinidanganya. Mimi sikutaka gitaa zima, Metod. Nilitaka mtu mmoja aniambie kitu kama kilivyo."

Ukumbini walikuwa wanapanga vijiko. Nilisikia kila kijiko.

"Nilikikanyaga kwa gari," nikasema. Hata sarufi ilinikimbia. "Nililitoa kwenye sanduku ili watu wanione nalo. Nikaliegemeza mlangoni. Nikalikanyaga. Halafu nikampiga msasa Ciril mpaka akaisha."

Kisha akauliza, "Gurudumu lipi?"

"La nyuma. La kulia."

"Na humu ndani kuna kitu cha buluu."

"Kipimo cha presha cha Slavka."

Akacheka. Alianza taratibu, mabega kwanza, kisha akacheka mpaka akashika ukingo wa gitaa, na kile kicheko kikageuka kikawa kilio, na kilio kikarudi kuwa kicheko, na mimi nilisimama mbele yake nimeshika kofia, sijui niketi au niondoke. Slavka aliingia, akatutazama, akatoka.

Jerneja alijifuta uso kwa kitambaa cha meza. Akanipa gitaa. "Lipige," akasema. "Umekwisha kuliharibu. Sasa lipige."

Nikalipiga. Mbele kabisa, watu mia na ishirini. Lina mlio mdogo wa kutetemeka kwenye uzi wa nne, nadhani ni kile kitambaa. Katika wimbo wa walsi alioupenda Ciril nilisahau sehemu ya pili yote. Bogomir akaifunika sehemu hiyo kwa akodiani, bila hata kugeuza kichwa. Nilimtafuta Jerneja kwa macho. Alikuwa anatazama mkono wangu wa kulia.


Jumapili, 10 Novemba

Jerneja amelichukua gitaa. Ameniambia kila Jumapili baada ya Misa niende kwake nilipige saa moja jikoni, nimelaza mkono pale pale. Anasema pale pamekwisha kuwa pangu, na mahali penye mwenyewe ni afadhali kuliko mahali papya. Niende kwa miguu. Gari libaki nyumbani.

Nilikwenda leo. Aliosha vyombo amenipa mgongo, mimi nikapiga. Nilipotoka, alinifungia kipande cha keki ya jozi.

Slavka ameniuliza nimejifunza nini katika mambo haya yote. Nimemjibu baada ya kufikiri kwa uaminifu kabisa: vanishi haitaki ukungu.


Jumatano, 13 Novemba

Nimekwenda ukumbi wa zimamoto kuchukua amplifaya. Sikutaka kumsumbua mtu, nikaibeba peke yangu, nikageuka nayo kwenye kona ya ngazi, na pembe yake ikamgusa Mtakatifu Florijan. Sanamu ya mbao, ya zamani sana, mlinzi wa wazima moto, anayesimama ukutani akimwaga ndoo ya maji juu ya nyumba inayoungua. Sasa hamwagi. Mkono umekatika kwenye kiwiko, ndoo na vyote.

Ukumbi ulikuwa mtupu. Mkono uko mfukoni mwangu.

Nilimpigia mkuu wa zimamoto, mtu mwema, ana mke mgonjwa na mambo mengi kichwani. Nikamwambia nimeona unga wa wadudu chini ya sanamu, na kwamba najitolea kumchukua mtakatifu nyumbani nimtibu. Alishukuru sana. Mkutano wao mkuu ni Januari. Nafasi ninayo ya kutosha.

Yuko banda la kuni sasa, chini ya koti langu. Vanishi imebaki nusu kopo. Nikimtazama vizuri, uso nao umechakaa, na joho limefifia, na mtu akishatengeneza mkono ni vibaya kuacha vingine vile vile.

Mkuu nitamwambia ukweli. Wote mzima, bila kuficha. Gundi ikishakauka.